Simu kwa fundi ni amana mbili



Wasomaji wetu, wiki hii ukurasa huu wa familia unazungumzia jambo linaloonekana dogo, nalo ni kupeleka simu iliyoharibika kwa fundi. Huenda wako watakaosema kwamba ukurasa uliozoea kujadili ndoa, malezi na mirathi umekosa la kuandika. Sisi tunaliona vingine. Ndoa huingia dosari kwa picha moja iliyotoka ndani ya simu iliyolala kwa fundi. Mtaji wa mama wa dagaa huweza kuhamishwa usiku mmoja kupitia laini iliyosahauliwa ndani ya simu mbovu. Na vijana wetu wengi wamejiajiri katika kazi hii. Riziki wanayowalisha watoto wao huwa safi au huingia doa kwa kutegemea namna wanavyokishika kitu cha mtu. Basi jambo hili limo ndani ya nyumba zetu, na dini haikuliacha bila mwongozo.

Atembeaye katikati ya jiji la Mwanza, maeneo ya Makoroboi na Mtaa wa Rwagasore, au akenda Buzuruga, Igoma, Kirumba na Nyegezi, hakosi kuwaona mafundi simu. Mmoja ana duka lenye kabati la kioo. Mwingine ana meza tu chini ya mwavuli, taa ya kumulika, bisibisi ndogo, brashi na kisahani cha skrubu. Mbele yao husimama watu wa kila namna: mvuvi ambaye simu yake imetumbukia ziwani, mama anayenunua dagaa Mwaloni Kirumba, mwanafunzi wa chuo, dereva wa bodaboda, ustadhi wa madrasa. Wako waliovuka kwa meli kutoka Ukerewe, na wako waliotoka Sengerema, ambao tangu Juni 2025 wanavuka ghuba kwa daraja la Kigongo–Busisi bila kungoja kivuko.

Wote hawa hukabidhi vitu viwili kwa wakati mmoja, ingawa mkono hutoa kimoja. Cha kwanza ni chombo chenyewe, ambacho thamani yake inajulikana sokoni. Cha pili ni siri zilizomo ndani yake, ambazo hazina bei. Watu wengi hujadiliana na fundi juu ya kile cha kwanza tu, na kile cha pili humkabidhi pamoja na namba ya siri, tena kwa sauti, mbele ya wateja wengine.

KILICHOMO NDANI YA SIMU

Zamani redio ilipoharibika tuliiacha kwa fundi wiki nzima pasi na wasiwasi, kwa kuwa redio haikujua lolote juu ya mwenyewe. Simu ya leo inajua mengi. Tangu M-Pesa ilipoanza nchini mwaka 2008, na huduma nyingine za namna hiyo zikafuata, fedha za familia nyingi za kando ya ziwa hukaa ndani ya laini kabla ya kukaa mfukoni. Tangu mwaka 2019 laini zilipoanza kusajiliwa kwa alama za vidole na kitambulisho cha Taifa, laini imekuwa jina la mtu: kosa likitendwa kwa laini yako, wewe ndiwe utakayeulizwa kwanza.

Juu ya hayo kuna mambo ya sitara. Kuna picha za akina mama walipokuwa peke yao harusini, hijabu zikiwa pembeni. Kuna mazungumzo ya mume na mke. Kuna majibu ya vipimo vya hospitali, picha za vyeti na vitambulisho, orodha ya wanaodaiwa, na ujumbe wa sauti wa wazazi waliokwishatangulia mbele ya haki. Mwenye simu hayafikirii hayo kioo kinapopasuka. Anachofikiri ni kioo.

Kuwa hofu hii si ya kubuni kumethibitishwa mbali na kwetu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Guelph nchini Kanada walipeleka kompyuta za mkononi katika maduka 16 ya matengenezo, wakiwa wameziandaa ili zirekodi kila kitakachofunguliwa. Katika maduka 6 mafundi walifungua mambo ya faragha yasiyohusiana na kazi waliyopewa, na katika maduka 2 kati ya hayo walinakili walichokikuta. Kompyuta zilizoonekana kuwa za wanawake ndizo zilizopekuliwa zaidi. Ikiwa hali ni hiyo katika maduka yenye risiti na mabango, hatuna sababu ya kudhani kwamba meza za mitaani kwetu zimekingwa kwa namna ya pekee.

HUKUMU YA CHOMBO

Mwenyezi Mungu (s.w) katika Suratun-Nisaa, aya ya 58, ametuamrisha amana zirejeshwe kwa wenyewe. Na katika hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, Bwana Mtume (s.a.w) amehesabu hiyana ya amana kuwa miongoni mwa alama tatu za mnafiki. Hilo linajulikana. Lisilojulikana sana ni kwamba wanazuoni wa fiqhi walikwisha kujadili suala la fundi anayepokea vitu vya watu wengi, kama mshona nguo na mtia rangi wa zama zao. Je, kitu kikiharibika mikononi mwake, atalipa?

Imepokewa kutoka kwa Sayyidna Ali (r.a) kwamba aliwawajibisha mafundi kulipa, kwa kuona kuwa mambo ya watu hayatatengemaa bila hivyo. Imamu Malik alielekea huko, na pia Abu Yusuf na Muhammad bin al-Hasan, wanafunzi wa Imamu Abu Hanifa, kila mmoja kwa masharti aliyoyaeleza. Katika madhehebu ya Imamu Shafii, yenye wafuasi wengi katika Afrika ya Mashariki, kauli yenye nguvu ni kwamba fundi halipi ila akivuka mpaka au akizembea. Lakini Rabii bin Sulayman, mwanafunzi wa Imamu Shafii, ameeleza kwamba mwalimu wake hakuwa akiitangaza kauli hiyo, kwa kuchelea mali za watu zisipotee.

Tunapata funzo katika tahadhari hiyo ya Imamu. Hata pale fundi anapopata nafuu katika hukumu, haikutakiwa nafuu hiyo iwe mlango wa uzembe. Fundi anayeacha simu ya mteja juani ikachemka, anayeazima kioo cha simu ya huyu ili ajaribu ya yule, au anayefungua simu asiyoijua kwa kujifunzia, huyo amezembea, na hana pa kujificha katika madhehebu yoyote.

MAKUBALIANO KABLA YA BISIBISI

Kumpa fundi kazi ni mkataba wa ijara, na ijara hutaka kazi ijulikane na ujira ujulikane. Ule usemi wetu wa "wewe iache tu, bei tutaelewana" ndio chimbuko la ugomvi mwingi. Mteja ana shilingi 30,000 kichwani, fundi ana 70,000, na kila mmoja anaamini kwamba mwenzake amekubali.

Kwanza fundi aiangalie simu mbele ya mwenyewe na aseme tatizo. Kioo kina tabaka zaidi ya moja. Ikiwa kimepasuka juu tu, na picha inaonekana vyema, na kidole kinaitikiwa kila mahali, huenda kilichoharibika ni kioo cha nje pekee. Ikiwa kuna madoa meusi, mistari, au sehemu isiyoitika, tabaka la ndani nalo limeumia, na gharama itapanda. Mteja akilijua hilo hatashangaa bei, na fundi mwaminifu hatakuwa na haja ya kumtisha.

Pili waafikiane juu ya spea. Sokoni kuna kioo halisi cha kampuni na kuna cha kuiga, na bei zake hazilingani. Kuuza cha kuiga si dhambi ikiwa mnunuzi ameelezwa. Dhambi ni kukitia cha kuiga na kutoza bei ya halisi. Mteja naye ana haki ya kuomba arudishiwe kioo au betri iliyotolewa, maana ni mali yake.

Tatu waamue wanafunga mkataba gani. Mteja akisema, "Nibadilishie betri kwa kiasi kadhaa," hiyo ni ijara, na kazi ikikamilika ujira ni wajibu. Akisema, "Simu hii imezima, ukiiwasha nitakupa kiasi kadhaa, usipoiwasha sikupi kitu," hiyo inafanana na kile wanazuoni wanachokiita juala, yaani zawadi iliyofungamanishwa na matokeo. Dalili yake wameitaja kutoka Surat Yusuf, aya ya 72, pale ilipoahidiwa shehena ya ngamia kwa atakayeileta pishi ya mfalme. Namna zote mbili zinafaa. Kisichofaa ni fundi kudhani ya kwanza, mteja akidhani ya pili.

Nne waandike. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 katika Suratul-Baqara, inahusu kuandikiana deni, na hekima yake yatosha kutuongoza hapa. Karatasi ndogo yatosha: tarehe, aina ya simu, namba yake ya utambulisho, hali iliyokuja nayo, kazi itakayofanywa, aina ya spea, bei, siku ya kuchukua, na muda wa dhamana. Namba ya utambulisho, ile inayoitwa IMEI, hupatikana kwa kubonyeza *#06#, na aghalabu imeandikwa kwenye boksi la simu. Hiyo ndiyo itakayothibitisha kwamba simu unayorudishiwa ndiyo uliyoiacha.

MAJI YA ZIWA

Kwa kuwa tunaishi na kufanya kazi kando ya Ziwa Victoria, maradhi ya maji tuyape nafasi yake. Wapo wanaosema kwamba maji ya ziwa hayana chumvi kama ya bahari ya Tanga au Dar es Salaam, kwa hiyo simu ikikauka imepona. Ni kweli kwamba maji ya chumvi huharibu upesi zaidi. Lakini maji ya ziwa nayo yana madini na uchafu, na umeme wa betri unapopita penye unyevu hula shaba ya bodi taratibu. Ndiyo maana simu huwaka leo, ikatumika wiki nzima, kisha ikazima ghafla. Fundi akiifungua hukuta ukungu wa kijani.

Simu ikitumbukia, izimwe mara moja. Isichajiwe hata kwa kujaribu. Itolewe laini na kadi ya kumbukumbu, ifutwe kwa kitambaa kikavu, na ifikishwe kwa fundi siku ileile, aifungue na kuisafisha bodi. Isianikwe juani, isipulizwe hewa ya moto. Na ile dawa ya kuizika ndani ya mchele iachwe. Kampuni ya Apple iliwaonya wateja wake mwaka 2024 kwamba chembe za mchele huweza kuingia ndani ya simu na kuiharibu zaidi. Mchele wa Sengerema na Magu una kazi yake jikoni.

Betri iliyovimba ni hatari ya namna nyingine. Isitobolewe, isibanwe ili kifuniko kikae, wala isiachwe ikichaji chumbani wanamolala watoto. Ikitolewa, isitupwe mferejini. Mto Mirongo hupita katikati ya jiji na kuingia ziwani, na samaki tunaowala hutoka humohumo.

Hapa pia pana jambo la israfu. Ripoti ya kimataifa juu ya taka za kielektroniki ilikadiria kwamba mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka hizo, na kwamba zilizokusanywa na kurejelezwa ipasavyo zilikuwa chini ya robo. Simu inayoweza kutengenezwa kwa gharama ya kiasi haifai kutupwa kwa sababu tu imetoka nyingine yenye kamera tatu. Ila ikiwa gharama ya matengenezo inakaribia bei ya simu ileile dukani, fundi mwema ndiye atakayekuwa wa kwanza kukushauri uiache.

HUKUMU YA SIRI

Sasa tuje kwenye amana ya pili. Bukhari na Muslim wamepokea habari ya mtu aliyechungulia katika chumba cha Bwana Mtume (s.a.w) kupitia tundu. Mtume akamkemea vikali, na akabainisha kwamba kuomba idhini kumewekwa kwa ajili ya jicho. Tundu la zama zetu ni kioo cha simu. Fundi aliyepewa simu abadilishe betri, kisha akafungua picha, amechungulia nyumba ya watu, hata kama hakuchukua kitu na hakumwambia mtu. Akizituma kwake au kwa rafikiye, ameongeza dhambi juu ya dhambi. Na ameingia pia katika mikono ya dola, kwa kuwa Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza kuingia katika mfumo wa kielektroniki wa mtu bila idhini, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, imeipa faragha ya mtu ulinzi wa kisheria.

Lakini mwenye nyumba naye ameamrishwa kufunga mlango. Yafuatayo yako ndani ya uwezo wa kila familia:

Kabla ya kuikabidhi simu, toa laini zote na kadi ya kumbukumbu. Fundi akihitaji kupima mtandao, atatumia laini yake mwenyewe. Usiseme kwamba utairudia jioni. Laini ndiyo pochi yako na ndiyo jina lako.

Ikiwa simu bado inawaka, hifadhi nakala ya picha na majina mahali pengine, kisha ondoa yale usiyopenda jicho la mgeni liyaone. Kwa kazi kubwa ya kubadilisha programu, simu itafutwa yote vyovyote vile, basi afadhali uifute wewe baada ya kuhifadhi nakala.

Namba ya siri usiitoe kwa kazi isiyoihitaji. Kubadilisha kioo, betri au tundu la chaji hakuhitaji fundi aingie ndani. Atajaribu mguso kwenye kioo kilichofungwa, na mengine utayafungua wewe mwenyewe utakapokuja kuichukua. Pale inapohitajika kweli, weka namba ya muda, kisha uibadilishe ukirudi. Kampuni ya Samsung, kuanzia mwaka 2022, imeweka katika baadhi ya simu zake hali maalumu ya matengenezo, ambayo humwezesha fundi kuijaribu simu bila kuona picha wala ujumbe. Anayeitumia simu ya namna hiyo aitafute katika mipangilio.

Ukiweza, kaa hapo hapo kazi ikifanyika. Kubadilisha kioo cha simu nyingi si kazi ya kutwa nzima. Fundi mwema hachukizwi na mteja anayekaa, humvutia kiti.

Ukiisha kuichukua, badilisha namba za siri za huduma za fedha, na bonyeza *106# uone kama kuna laini usiyoijua iliyosajiliwa kwa jina lako.

Tunajua kwamba wako ambao hawawezi kukaa. Anayetoka Nansio, au kambi ya wavuvi ya kisiwa cha mbali, amekuja na boti ya asubuhi na hana budi kurudi nayo. Aliyeachiwa duka na watoto hana mtu wa kumshikia zamu. Kwao tunashauri mambo mawili. La kwanza ni kutafuta jamaa au mwenyeji mjini aipokee kazi hiyo kwa niaba yao, kwa uwakala unaojulikana, badala ya simu kulala dukani siku tano. La pili ni misikiti yetu kuwajua mafundi waaminifu wa eneo lake, ili mgeni akiuliza baada ya swala apate jibu. Tunauliza msikitini habari za nyumba ya kupanga na za mchumba. Hakuna ubaya kuuliza habari za fundi.

Akina mama nao wana haki ya kutoionea haya tahadhari hii. Mume asimpeleke fundi simu ya mkewe bila kumwambia, wala baba asiichukue simu ya binti yake mkubwa na kuitoa hivi hivi. Tena tungependa kuwaona mabinti wetu wakijifunza ufundi huu. Ni kazi ya mikono myepesi na macho makini, yaweza kufanyiwa nyumbani, na ingewasitiri wanawake wengi. Jamii iliyohimizwa kuwa na madaktari wa kike kwa ajili ya sitara haina sababu ya kusahau mafundi wa kike.

NENO KWA MAFUNDI

Katika Suratul-Qasas, aya ya 26, binti wa mzee wa Madyan alimsifu Nabii Musa (a.s) kwa sifa mbili zinazomfanya mtu afae kuajiriwa, nguvu na uaminifu. Mafundi wetu wengi wana ile ya kwanza. Wanalehemu vitu vidogo kuliko punje ya mchicha, kwa vifaa haba, bila darasa rasmi. Tunaomba wajulikane pia kwa ile ya pili.

Simu iliyoingia maji, ukaikausha na kuing'arisha, usimuuzie mtu bila kumwambia. Muslim amepokea kutoka kwa Abu Hurayra (r.a) kwamba Mtume (s.a.w) alipita sokoni penye lundo la chakula, akatia mkono wake, akakuta unyevu ndani. Alimuuliza mwenyewe kwa nini hakuuweka ule unyevu juu watu wauone, na akawatoa wadanganyifu katika mwendo wake. Unyevu ule wa nafaka na unyevu huu wa bodi ni jambo moja.

Usibadilishe namba ya utambulisho ya simu. Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010 inakataza, na wasomaji wanakumbuka jinsi simu zenye namba bandia zilivyozimwa nchini Juni 2016. Usinunue kioo kutoka kwa kijana asiyeweza kusema kimetoka wapi. Na lile bango la "simu isiyochukuliwa miezi mitatu tusidaiane" halikupi umiliki wa mali ya mtu. Mpigie, mtafute kupitia aliyekuja naye, shirikisha uongozi wa mtaa, na uliza wanazuoni kabla ya kuiuza.

NENO KWA WATEJA

Dhuluma haitoki upande mmoja. Yuko mteja anayeafiki bei asubuhi, kazi ikiisha akaanza kupunguza, akijua kwamba kioo kilichokwisha kubandikwa hakirudi. Ibn Majah amepokea kwamba mfanyakazi apewe ujira wake kabla jasho lake halijakauka. Hakutajwa ujira uliopunguzwa kwa hila. Yuko anayeleta simu ikiwa na kamera mbovu, kisha akadai fundi ndiye aliyeiharibu. Karatasi tuliyoitaja humlinda fundi na mtu wa namna hiyo.

Na yuko anayemwendea fundi na ombi baya kuliko yote: amfungulie simu ya mwenzake wa ndoa, au ampachikie programu ya kumpeleleza. Aya ya 12 ya Suratul-Hujurat imekataza dhana mbaya na kupelelezana katika pumzi moja, kwa kuwa moja huzaa jingine. Mwenye shaka na ndoa yake aende kwa wazee, kwa imamu au kwa kadhi. Fundi simu si mpatanishi, na akichukua fedha kwa kazi hiyo amekula haramu. Anayeleta simu aliyoiokota ili ifunguliwe arudi akamtafute mwenyewe.

UGOMVI UKITOKEA

Mambo yakiharibika, anzeni kwa kukaa pamoja na karatasi yenu. Yakishindikana, chukueni watu wawili wenye kuaminika, mmoja awe fundi mwingine anayeijua kazi, waseme kama palikuwa na uzembe. Kwa spea ya kuiga iliyouzwa kama halisi, iko Tume ya Ushindani, iliyoundwa chini ya sheria ya mwaka 2003, inayoshughulika na bidhaa bandia. Kwa picha au ujumbe uliovuja, nendeni polisi mapema, na msizisambaze picha hizo kwa kutaka ushahidi. Kila anayezipokea na kuzipitisha ameshiriki katika kumvunjia mtu sitara, ilhali Mtume (s.a.w) ametubashiria kwamba amsitiriye Mwislamu, Mwenyezi Mungu atamsitiri.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu awabariki mafundi wetu katika mikono na ndimi zao, azihifadhi siri za nyumba zetu, na atujaalie tuwe wenye kurejesha kila amana kwa mwenyewe kabla ya siku ambayo amana zote zitaulizwa. Aamin.

Wabillahi tawfiq.